Alama 47, madaraja manne: tathmini ya cheti cha Kidato cha Nne kwa macho ya anayekisoma

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa mjumbe wa kamati ya udahili katika chuo cha ngazi ya kati hapa Tanzania, na kazi yangu kubwa kila msimu wa maombi ni kusoma vyeti vya Kidato cha Nne. Navisoma kwa mamia, vya vijana waliomaliza mwaka jana na vya watu wazima waliomaliza kabla vijana hao hawajazaliwa. Cheti hiki kina watumiaji wawili, yaani aliyekipata na anayekisoma, na mazungumzo mengi kuhusu mitihani yetu hufanywa kwa upande wa yule wa kwanza: amefaulu, amefeli, amepata divisheni gani, yaani daraja lake la jumla, kuanzia la kwanza hadi la nne, na ziro kwa aliyefeli. Mimi ninaandika kwa upande wa pili. Ninachotathmini ni huduma inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa yeyote anayepaswa kufanya uamuzi juu ya maisha ya mtu mwingine kwa kusoma herufi na namba zilizochapishwa kwenye karatasi moja, na swali langu ni moja tu: je, herufi na namba hizo zinasomeka vilevile bila kujali mwaka zilipoandikwa?

Jibu langu ni kwamba hazisomeki vilevile, na kwamba gharama ya jambo hilo huwaangukia watu ambao hawakuwa na sauti yoyote katika mabadiliko yaliyofanywa.

Vyeti vya kale zaidi ninavyokutana navyo, ingawa sasa ni adimu, ni vile vya enzi ya mitihani ya Cambridge ya Uingereza na vya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1967 na ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Katika vyeti hivyo somo halikupewa herufi bali namba kuanzia 1 hadi 9: 1 na 2 zilikuwa ufaulu wa juu kabisa, 3 hadi 6 zilikuwa krediti, 7 na 8 zilikuwa ufaulu wa kawaida, na 9 ilikuwa kufeli. Divisheni yenyewe, neno ambalo kila familia ya Kitanzania inalijua, ni urithi wa mfumo huo. Baraza letu lilipoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 lilibadilisha mengi, na baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu iunganishwe na kazi, tathmini endelevu ya darasani ikaingizwa katika alama za mwisho, lakini divisheni ikabaki. Ninaona huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mzazi aliyesoma miaka ya sitini aliweza kumwelewa mwanawe aliyemaliza miaka ya tisini bila mkalimani, kwa kuwa wote wawili walijua kwamba divisheni ya kwanza ni nzuri na ziro ni msiba.

Uelewano huo uliyumba kati ya mwaka 2012 na 2016, na miaka hiyo michache ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi mezani petu kuliko miaka mingine yote kwa pamoja.

Matokeo ya mtihani wa 2012 yalitangazwa Februari 2013, na takriban watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata divisheni ziro. Wasomaji wengi watakuwa wanakumbuka majonzi ya kipindi kile. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume ya uchunguzi, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yachakatwe upya. Moja ya hoja zilizojitokeza ilikuwa kwamba mwaka huo vilitumika viwango vya alama visivyobadilika, ambapo A ilianzia 80, B 65, C 50 na D 35, na chochote kilicho chini ya 35 kilikuwa F, tofauti na utaratibu wa awali wa kuoanisha alama kwa kuzingatia ugumu wa mtihani. Kuoanisha huko hakukufahamika sana kwa wananchi, lakini ndiko kulikozuia mtihani mgumu wa mwaka mmoja usiwaangamize watoto wa mwaka huo peke yao.

Mtihani wa 2013 ukaja na ngazi mpya. A ikaanzia 75, ikazaliwa B+ kuanzia 60, B ikashuka hadi 50, C 40, D 30, ikaongezwa E kuanzia 20, na F ikabaki kwa walio chini ya hapo. Kwa kuwa herufi sasa zilikuwa saba badala ya tano, pointi za kila herufi, ambazo jumla yake katika masomo saba bora ndiyo huamua divisheni, nazo zikabadilika: A ilibaki pointi 1, lakini C, iliyokuwa pointi 3 tangu zamani, ikawa pointi 4, na F ikawa 7. Mipaka ya divisheni ikapanuliwa ili ilingane na hesabu hiyo: divisheni ya pili ikafika pointi 24, ya tatu ikawa 25 hadi 31, ya nne 32 hadi 47.

Kabla watu hawajazoea, matokeo ya mtihani wa 2014 yakatoka kwa GPA, yaani wastani wa pointi za masomo. Divisheni ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa Distinksheni, Meriti, Krediti na Pasi. Sababu iliyotolewa, ya kuoanisha sekondari na vyuo vikuu, haikuwa ya kipuuzi. Sisi wa vyuoni tunaishi na GPA kila siku. Ila mwelekeo wa namba uligeuzwa juu chini: katika divisheni namba ndogo ndiyo bora, katika GPA namba kubwa ndiyo bora, na aliyezoea kuona pointi 7 kama kilele alitakiwa ghafla aifurahie 5.0. Januari 2016 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza hilohilo, aliagiza kurejeshwa kwa divisheni. Tangu hapo tuna utaratibu tulio nao leo: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na F chini ya 30, pointi 1 hadi 5, masomo saba bora, divisheni ya kwanza pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33.

Sasa tumchukue mtahiniwa mmoja wa kufikirika, aliyepata alama 47 katika kila moja ya masomo yake saba. Kwa viwango vilivyotumika mwanzoni kwenye matokeo ya 2012, kabla hayajafutwa, ana D saba, pointi 28, divisheni ya nne. Kwa viwango vya 2013 ana C saba, pointi 28 zilezile, lakini divisheni ya tatu. Mwaka 2014 ana C saba, GPA ya 2.0, Krediti. Kwa utaratibu wa leo ana C saba, pointi 21, divisheni ya pili, naye anaitwa Kidato cha Tano pamoja na wenzake. Alama ni zilezile na kichwa ni kilekile. Ninatambua kwamba alama 47 ya mwaka mmoja si lazima iwe na uzito sawa na 47 ya mwaka mwingine, kwa sababu mitihani hutofautiana ugumu na mchango wa tathmini endelevu nao huathiri jumla. Hata hivyo msomaji wa cheti haoni alama. Anaona herufi, pointi na divisheni, na vitu hivyo vitatu vilibadilika maana mara tatu ndani ya muda ambao mtoto mmoja hutumia kumaliza sekondari.

Jambo hili lilitufika wenyewe, na kosa lilikuwa letu. Miaka michache iliyopita aliomba nafasi mama mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 2013. Kozi aliyoomba ilihitaji divisheni isiyopungua ya tatu. Cheti chake kilionyesha divisheni ya tatu, pointi 28. Mjumbe mwenzangu, aliyekuwa akitumia jedwali lililotengenezwa kwa mipaka ya leo, aliona kwamba pointi 28 ni divisheni ya nne, akahitimisha kwamba karatasi ile ina kasoro, na kwenye orodha akaandika "cheti kina shaka". Maneno matatu hayo yaliliondoa jina lake. Alipokuja ofisini kuuliza, alisimama mlangoni na bahasha yake ya kaki akasema, "Shikamoo mzee. Nimeambiwa cheti changu si halali, nami nilikichukua mwenyewe shuleni kwangu." Nilimkaribisha kiti, tukakipitia pamoja, na ilinichukua dakika chache kukumbuka kwamba mwaka 2013 herufi C ilihesabiwa pointi nne. Alikuwa na C saba. Angefanya mtihani miaka mitatu baadaye na kupata C hizo hizo saba, angeingia kwetu na divisheni ya pili. Nilimwambia, "Mwalimu, cheti chako ni halali kabisa. Sisi ndio tuliokisoma vibaya." Dirisha la udahili lilikuwa limeshafungwa, akaingia msimu uliofuata. Mwaka mmoja wa mtu mzima mwenye familia ulipotea kwa sababu ya namba moja iliyosomwa kwa ufunguo usio wake, na sijaacha kulifikiria jambo hilo.

Baada ya kusema hayo, haki inanitaka nieleze pia yale ambayo huduma hii inayafanya vizuri, kwa kuwa si machache. La kwanza na kubwa ni uwazi wa matokeo. Tovuti ya Baraza huweka matokeo ya kila shule kwa namba ya mtihani, na hayaishii kwenye divisheni: herufi ya kila somo imo, kuanzia Uraia na Historia hadi Hisabati na Baiolojia. Matokeo ya miaka mingi ya nyuma bado yanapatikana, jambo linalomwezesha msomaji makini kuona mwaka fulani ulihesabu pointi kwa namna gani. Yule mama tulimthibitisha kwa njia hiyo hiyo, bila barua na bila nauli. La pili ni uamuzi wa Januari 2023 wa kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Najua wapo walioukosoa, na shule binafsi zilipoteza tangazo la bure, lakini kwa anayesoma cheti orodha zile hazikuwa na msaada wowote. Zilimfanya mwombaji kutoka shule ya kata aonekane amepungua kabla hata bahasha yake haijafunguliwa. La tatu ni utulivu. Tangu 2016 mipaka haijaguswa, na vijana waliofanya mtihani 2017 na 2022 ninaweza kuwaweka meza moja bila kuhitaji jedwali la kutafsiri.

Kwa Kidato cha Sita sina mengi ya kusema. Ngazi zake kuanzia A hadi E, kisha S na F, pamoja na hesabu ya masomo matatu ya tahasusi (mchepuo aliouchagua mwanafunzi), hueleweka kwa urahisi, na wanaozisoma zaidi ni vyuo vikuu.

Kasoro ninayoiona katika utaratibu wa sasa imo ndani ya divisheni yenyewe, na hata GPA isingeiponya. Jumla huficha umbo. Kwa hesabu ya pointi peke yake, kijana mwenye C saba ana pointi 21, na kijana mwenye A tatu, D mbili na F mbili naye ana pointi 21. Wote ni divisheni ya pili. Wa kwanza ni mtu wa wastani anayejimudu kila mahali; wa pili ana kipaji kikubwa katika masomo matatu na ameshindwa kabisa mawili. Nikiwa natafuta mwanafunzi wa maabara, na zile A tatu zikawa za Fizikia, Kemia na Baiolojia, sina shaka nitamchukua wa pili. Zikiwa ni za masomo ya sanaa na F mojawapo ni ya Kemia, simchukui. Divisheni haiwezi kuniambia lolote kati ya hayo, na bado ndiyo inayotajwa kwanza nyumbani, kwenye redio na kwenye matangazo mengi ya kazi. Ndiyo maana ninaona masharti yanayodai idadi ya ufaulu katika masomo, kama lile la ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwa kozi nyingi za astashahada, ni ya haki kuliko yanayodai divisheni. Sharti la namna hiyo humlazimisha msomaji ashuke chini ya ukurasa na kuziangalia herufi zenyewe.

Watahiniwa wa kujitegemea wanastahili kutajwa hapa, kwa sababu husahaulika. Mwanafunzi wa shuleni huingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na alama za tathmini endelevu mfukoni. Mtahiniwa wa kujitegemea hana. C yake imetokana na karatasi za mtihani peke yake. Mimi binafsi nikikutana na C ya namna hiyo, hasa ya mtu aliyerudia mtihani huku akifanya kazi, huipa uzito zaidi, ingawa hakuna kanuni inayonitaka nifanye hivyo.

Majirani zetu nao wamepita njia hii, na baadhi ya vyeti vyao hutufikia. Kenya, yenye baraza lake la mitihani tangu 1980, ilianza mtihani wake wa sasa wa mwisho wa sekondari mwaka 1989, kwa madaraja kumi na mawili kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Herufi hazijabadilika tangu hapo, na kwa mtazamo wa haraka mtu angedhani huo ndio uthabiti ninaoutamani. Lakini mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata wastani wa A, na mwaka uliofuata, udhibiti wa wizi wa mitihani ulipokazwa, waliopata walikuwa 141 tu. Mwaka 2023 namna ya kukokotoa wastani nayo ikabadilishwa, ikawa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano bora. Herufi inaweza kubaki palepale huku uzito wake ukihama. Uganda, kwa mtaala wake mpya ambao matokeo yake ya kwanza ya ngazi ya kawaida yalikuwa ya mtihani wa 2024, imeachana na divisheni na kubaki na herufi A hadi E kwa kila somo. Uingereza, ambako ndiko tulikorithi namba za 1 hadi 9, namba hizo zilirudi mwaka 2017 kwa mtihani wao wa sekondari, safari hii 9 ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Mzee mwenye cheti cha Cambridge chenye 9 na kijana wa London mwenye 9 wangesomana kinyume.

Pendekezo langu kwa Baraza ni dogo na halihitaji mfumo mpya. Kila cheti, na kila stetimenti ya matokeo, kibebe ufunguo wake wote: mipaka ya alama kwa kila herufi, pointi za kila herufi, na mipaka ya divisheni ya mwaka huo, katika jedwali dogo lililochapishwa mahali ambapo hata nakala iliyopigwa mhuri na wakili italionyesha. Tovuti nayo iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kila kipindi kilivyohesabu. Kwa waajiri na kamati kama yangu, ninasihi tuache kuandika "divisheni isiyopungua ya tatu" bila kutaja mwaka, kwa kuwa sharti hilo halina maana moja. Tuandike masomo na herufi tunazozihitaji, tuangalie mwaka kabla ya pointi, na tukikuta namba isiyolingana na jedwali letu, tulishuku jedwali kwanza.

Kwa jumla, utaratibu uliopo tangu 2016 ninaupa nyota nne kati ya tano kwa usomekaji wake. Kipindi cha 2012 hadi 2015 ninakipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu matokeo yake yamehifadhiwa.

Katika chumba chetu cha kamati sasa kuna karatasi ya manila yenye safu nne, moja kwa kila kipindi, niliyoiandika kwa mkono wiki ile ile yule mama alipotoka ofisini. Upande wa kulia nimeacha safu moja tupu. Januari 2024 baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walianza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, chini ya mtaala mpya, na wa kwanza wao watamaliza Kidato cha Nne mwaka 2027. Kabla vyeti vyao havijafika mezani petu, ninatamani Baraza liwe limetupatia cha kuandika katika safu ile.